Solo yangu, chafya yangu

Leo ku kanisa balitaka kuninyang'anya solo, wimbo ya kuimba peke yangu, juu ya chafya!

Munajua mi na kiangazi: bachoma majani, vumbi iruke, macho ivimbe. Ni alerji, haiambukize mutu.

Tata, ule baba mwenye kuongoza chorale, kwaya yetu, akanivuta pembeni:
— Mama, solo tupatie mwengine. Utatuletea haya.
— Tata, nimeifunza mwezi muzima. Ntaimba.

Mustari wa pili, chafya kubwa mu mikro!
Batoto bakacheka. Nikasikia uso inawaka.

Sikukaa chini. Nikapangusa pua, nikarudilia mustari, sauti juu kupita ya kwanza.
Bamama ba nyuma bakasimama, bakapiga bigelegele!

Kiisha misa, tata:
— Jumapili ingine utapumzika?
— Tata, mvua haiyanyesha, vumbi ingali iko. Ntakuja na kitambaa kikubwa.

Benye alerji, muko wapi?