Ndoo Mbili za Mji wa Kale

Niliondoka Kakamega kwa sababu kituo kimoja cha walimu huko Mombasa kilitafuta mtu wa kutengeneza vifaa vya kufundishia, na kwa sababu miguu yangu haikuwahi kutulia mahali. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Nilipanda basi hadi Nairobi, kisha gari la moshi hadi pwani, begi la mikasi na gundi likiwa mapajani safari nzima.

Asubuhi niliyofika nilibisha hodi Mji wa Kale kwa Bi Zuhura, mjane aliyenikodishia chumba. Nikiwa uani nanawa uso, aliita kutoka jikoni, "Ndoo!" Nikampelekea ndoo. Aliitazama, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika ukuta.

"Nakwita ule, bwana. Ndoo, yaani njoo. Hiyo irudishe msalani."

Hata leo nikisikia harufu ya iliki, nakumbuka mahamri na mbaazi za asubuhi ile.

Wiki ya kwanza nilizunguka kutafuta vitu: maboksi makuukuu Shimanzi, vipande vya kanga Biashara Street, vizibo vya soda Majengo. Nikatengeneza kadi za maneno na vihesabio.

Jumatatu iliyofuata kituo kilinituma shule moja ya jirani, nikaketi nyuma katika darasa la kwanza la Mwalimu Rhoda. Alitoka bara kama mimi, na huo ulikuwa muhula wake wa kwanza pwani. Somo lilikuwa vipimo. Aliinua ndoo ya maji juu, akatamka kwa sauti, "Ndoo." Safu nzima ya mbele ikainuka, ikamwendea.

"Mnanichezea?" Akawasimamisha ukutani hadi kengele ilipolia.

Wakati wa mapumziko alinionyesha barua ya kuomba uhamisho. "Wananidharau. Nikiwauliza kitu, kimya. Nikisema, wanacheka. Ijumaa naipeleka kwa mwalimu mkuu."

Darasa lile lilikuwa limeshaachwa na walimu wawili. Akiondoka wa tatu, watoto wangeamini kosa ni lao. Niliazimia asiondoke.

"Uliwaita, wakaja," nikamwambia, nikamsimulia yaliyonipata kwa Bi Zuhura.

Hakucheka. "Kwa hiyo nimewaadhibu kwa kunitii?"

"Mimi nilipeleka ndoo ya msalani jikoni. Afadhali wewe."

Jumanne alasiri tulikata kadi upya: upande mmoja njoo, kuja, njia, macho, upande wa pili ndoo, kuya, ndia, mato. Bi Zuhura alizikagua moja moja. "Andikeni vyema," alisema, "watoto wa hapa wana masikio."

Jumatano Rhoda aliwaomba radhi wale wa safu ya mbele, kisha akawauliza nyumbani kwao husemaje. Wa kwanza alinong'ona. Wa pili alisema. Alhamisi hatukuweza kuwanyamazisha.

Ijumaa barua ilibaki mkobani.

Nilikaa mihula mitatu, nikaingia madarasa mengi. Nilijifunza kwamba kadi zangu peke yake hazikumfundisha mtu. Zilifaa pale tu mwalimu alipokuwa tayari naye kuulizwa.

Siku niliyoondoka Mombasa kabisa, nilipita shuleni kuaga, begi begani. Rhoda aliniona akiwa mlangoni mwa darasa lake, akanipungia mkono. "Ndoo."

Kabla sijapiga hatua, sauti ndogo ilitoka ndani. "Ya maji au ya kuya, mwalimu?"

"Ya kuya," akajibu Rhoda, bila kugeuka.

Nikaweka begi chini, nikaenda.