Nyuzi Ishirini na Mbili za Mkumbi

Miaka ile ya soko huria mitumba haikuwa nguo tu. Mimi nilinunua mtumba wa chuma: katapila la kijiko, lililochimba nchi za watu mpaka wakalichoka. Kabla ya kulipandisha Mbinga nililizunguka nikihesabu pini za cheni, kisha nikazunguka tena. Zilitimia. Nisichokihesabu ni kiboksi cheusi, saizi ya kiberiti, kilichofungwa chini ya kiti cha opereta. Kumbe mwenye mamlaka juu ya mashine nzima kilikuwa hicho.

Kazi yetu ilikuwa kukata ukingo wa barabara upande wa Mkumbi, malori ya kahawa yapite kabla ya mvua. Opereta wangu alikuwa Mmatengo, mkubwa kwangu kwa umri. Nilimwita kaka, naye aliniita tajiri, kwa sauti ya mtu anayeujua ukweli wa mfuko wangu. Siku ya kwanza, kijiko hakijagusa udongo, kengele ikalia, taa nyekundu ikawaka, mkono wa mashine ukagoma hewani.

"Tajiri, mashine yako inaogopa," alisema. "Mama yangu amechimba ngoro, haya mashimo ya kulimia mnayokuja kuyashangaa, kwenye mteremko mkali kuliko huu, na mimi mgongoni. Hakuna kengele iliyolia."

Siku tatu tulishinda hivyo. Kengele inalia, tunazima, tunakula ugali na usipa, dagaa wa kwetu ziwani, tunawasha, inalia. Siku ya nne nikamleta fundi kutoka Songea na kompyuta yake. Akachomeka waya, akasoma, akakuna kichwa. Kile kiboksi kilikuwa kifaa cha kupima mwinamo. Kiwandani walikiagiza hivi: mashine ikiinama kupita nyuzi kumi na tano, simamisha kazi.

"Inabadilishika?" niliuliza.

"Inabadilishika. Niweke ngapi?"

Hapo ndipo nilipokosea, tena kwa ufundi. Mtu akiniuliza ngapi, mdomo wangu hufunguka wenyewe.

"Kumi na nane."

"Thelathini," opereta akadakia.

"Kaka, thelathini ni paa la nyumba! Ishirini."

"Ishirini na tano, na hapo nimekupunguzia kwa sababu wewe mtu wa ziwani, umezoea mchanga."

"Jamani, hizi si nyanya," fundi alisema.

Tukakubaliana ishirini na mbili. Tukapeana mikono, fundi akabonyeza, na mimi nikajisikia mshindi, kama kawaida yangu nikitoka sokoni.

Karibu wiki mbili hatukusikia kengele. Barabara ilisogea. Jioni niliipima kwa hatua nikienda, nikaipima tena nikirudi. Halafu mvua ya kwanza ikanyesha, ya kulowesha tu, na asubuhi yake opereta akapanda kitini kumalizia kona. Nilisimama upande wa juu. Niliona mashine ikiinama kidogo, kisha kidogo tena, taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikasubiri kengele. Mimi niliyepatana bei ili ikae kimya, nilisubiri ilie. Udongo chini ya cheni ya bondeni ukaachia, na katapila likalala ubavu juu ya mibuni ya watu.

Tulimtoa opereta kupitia dirishani. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia kusikotakiwa. Kioo cha kuonyesha nyuzi, mbele ya kiti, kilikuwa bado kinawaka.

"Tajiri, ilisoma ngapi kabla haijaanguka?"

Fundi ndiye aliyetujibu, siku aliporudi na kuifungua kumbukumbu ya mashine: ishirini na moja.

Tulikuwa nyumbani kwa opereta, mguu wake ukiwa ndani ya plasta juu ya kigoda. Fundi akauliza tena, kwa uangalifu, aweke ngapi. Nilimtazama kaka, naye akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, hakuna aliyetaja namba.

"Ile waliyoiweka wenyewe," opereta alisema.

"Kumi na tano," nikasema. Kisha nikarudia, "Kumi na tano."

Kwa nyuzi hizo katapila halikuwa na kazi kwenye ile kona. Kipande kilichobaki kilikatwa kwa majembe, kikachelewa, na kahawa ya mwaka ule ilishuka kwa vichwa vya watu. Opereta alipona, ila hakupanda mashine tena. Akishuka mteremko hutanguliza mguu wa kushoto, akiupima udongo kwanza, na mimi nyuma yake hupunguza mwendo bila kuambiwa.