Hafsa Amtoa Mumewe Kitandani

Hafsa, mshona nguo wa Palma, alikuwa na miezi mitatu tu tangu aolewe na Abdurrazaque, fundi seremala, na tayari hasira zilikuwa zimemfika kooni. Mumewe haendi kazini. Amelala akiutazama ukuta, chakula hakigusi, akisemeshwa anaguna. Hafsa aliamini kwamba hatakiwi.

Asubuhi moja wifi yake, Awa, alikuja kumchungulia kaka yake, kisha akasema, "Kabla hajakuoa hakuwa hivi. Umemlisha nini?"

"Toka nyumbani kwangu!" Hafsa alifoka, mpaka Awa akaondoka. Akarudi chumbani, akalifungua dirisha kwa kishindo. "Na wewe sema! Kama hunitaki, nipe talaka yangu niende!"

Abdurrazaque akainuka polepole, akaketi. "Si wewe, Hafsa. Huzuni hii ninayo tangu zamani. Nilidhani nikioa itaondoka."

"Awa anajua?"

"Anajua."

Hafsa akaivuta shuka, akaitupa sakafuni. Walijua wote wawili, wakamwacha yeye abebe lawama!

"Vaa viatu," alisema. "Twende hospitali."

Njia nzima alitangulia bila kugeuka. Muuguzi aliuliza maswali mengi, na Abdurrazaque akakiri kwamba kuna siku alitamani asiamke tena. Hapo Hafsa akamshika mkono, akaubana kwa nguvu, bado amenuna.

Sasa wanakwenda hospitali pamoja kila Alhamisi. Siku nyingine Abdurrazaque anapiga randa hadi adhuhuri, siku nyingine hawezi, na humwambia mkewe waziwazi. Awa hajaomba radhi. Hafsa hasemi naye mpaka leo.