Mwonja Mvinyo Aliyepotewa na Harufu

Hotelini wanamwita Pua, na jina hilo alilitolea jasho. Chupa ya mvinyo ikifunguliwa, glasi ya kwanza ni yake: ananusa, anaitikia kwa kichwa, ndipo wageni wanamiminiwa. Nimeikuta desturi hiyo katika miji mingi, na kila mahali anayenusa huogopwa kidogo. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiogopa yeye.

Homa ilipomtoka iliondoka na harufu zote. Asubuhi hiyo mama mkwe ndiye aliyekimbia kufunga jiko la gesi lililokuwa likivuja, akifoka, "Unataka kutulipua, mwanangu?" Pua alikuwa amesimama pembeni ya jiko, hajasikia harufu yoyote.

Mchana bosi, akiwa na wageni wachache mezani, alitaka kuchagua chakula cha kwenda na mvinyo mpya, mweupe, wenye mapovu. Pua akamfuata jikoni mpishi, dada wa mumewe.

"Wifi, sisikii harufu."

"Acha utani." Mpishi akamsogezea kitunguu saumu kilichopondwa. "Nusa."

"Hakuna kitu."

"Hata kwapa la kaka yangu?"

"Wifi, nitafukuzwa!"

Mpishi akaacha kucheka. Wakapatana: mpishi mwenyewe atapeleka sahani mezani, na kila chupa ikifunguliwa ataisogelea. Ikiwa mbovu, atakohoa.

Chupa ya kwanza ilipita salama. Ulimi wa Pua ulikuwa mzima. Uliupata ukali kama wa ndimu, na mapovu yakiuchomachoma. Akaonja samaki wa kukaanga.

"Huyu ndiye," akasema. "Chumvi na mafuta vinataka kitu kikali. Mapovu yanaosha mdomo, unarudi kwenye sahani kama ndiyo kwanza unaanza."

Keki akaikataa: baada ya sukari ile, mvinyo uligeuka siki. Bosi akatafuna, akanywa, akaridhika.

"Kuku tumjaribu na chupa nyingine," bosi akasema. Akamgeukia mpishi: "Wewe rudi jikoni, mafuta yasije yakaungua."

Mlango ukafungwa nyuma ya mpishi. Kizibo kikatoka. Pua akainua glasi. Mapovu yalipanda vizuri, mstari mwembamba baada ya mwingine. Akavuta pumzi, na ilikuwa kama kunusa ukuta. Wageni wote walikuwa wakimsubiri. Kichwa kikaitikia chenyewe, kwa mazoea.

Bosi akapeleka glasi yake puani, akaishusha.

"Pua, umeunusa huu?"

"Ndiyo, bosi."

"Unanukia nini?"

"Tofaa bichi. Na mkate uliotoka tanurini sasa hivi."

"Mimi nasikia kadibodi iliyoloa. Mvinyo huu umeharibika."

Mgeni mmoja akanusa yake, akaisukuma mbali. Pua angeweza kusema glasi hazikuoshwa vizuri, na lawama ingemwangukia mwosha vyombo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza.

"Sisikii harufu, bosi. Tangu nilipougua."

"Na samaki? Ulibahatisha?"

"Hapana. Samaki ni kazi ya ulimi, na ulimi ninao."

Bosi akamtazama, akaitazama chupa.

"Niitie yule mpishi. Nilimwona akinusanusa hapa mezani."

Pua akaenda. Alipogusa mlango wa jikoni bado hakujua kama anamwita msaidizi au mtu wa kuchukua nafasi yake, na akabaki pale, mkono mlangoni, mpaka bosi alipoita mara ya pili.