Mashahidi wa Leseni ya Lori

Lori lilipita ukaguzi bila tatizo. Breki, taa, honi, tairi. Trafiki alilizunguka, akalichungulia mpaka uvunguni, akasaini. Bima ninayo. Nikajua sasa nitapewa leseni ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo, maana bila hiyo lori ni banda la kutagia kuku tu. Kumbe wapi! Karani kule mjini akanirudishia karatasi zangu.

"Ndugu, barua ya balozi wako wa nyumba kumi iko wapi? Tutajuaje wewe ni mtu wa wapi?"

Mtu wa wapi! Mie niko Temeke tangu bendera ya mkoloni haijateremshwa. Nilitoka pale nimenuna, nikapanda basi, nikapitiliza kituo kwa hasira.

Ila ukweli ni kwamba sikuwa na watu. Miaka yote niliendesha malori ya tajiri mmoja, Lindi, Songea, Mbeya. Nikirudi nalala, nikiamka naondoka. Mke wangu ndiye aliyekuwa na majirani. Alipougua homa, mie nilikuwa nimekwama kwenye matope ya Rufiji, masika imechachamaa. Alipofariki wakamzika siku ileile, kama desturi yetu Waislamu. Nilipofika nilikuta matanga yameshaanuliwa, mikeka imerudishwa kwa wenyewe, ua umefagiliwa.

Nikaacha kazi. Nikanunua lori bovu, nikalifufua mwenyewe pale uani. Nilitaka safari za karibu tu, kutoa mihogo Mbagala kuleta sokoni, ili kila siku nilale kwangu. Nilikuwa nimeshachelewa, najua, lakini ndivyo nilivyotaka. Nilikuwa nashinda naongea na injini. Upweke ule simwombei hata adui.

Balozi wetu, fundi cherehani mwenye maneno, alinisikiliza huku akikanyaga cherehani yake.

"Niandike kwamba nakufahamu? Nikufahamie wapi? Kikaoni huji, mazikoni huji, hata kahawa hunywi na wenzio! Jumapili nitaziita nyumba zote. Akitokea mmoja wa kukushuhudia, naandika. Asipotokea, lori lako lipandie mchicha."

Jumapili wakaja, wakajaa barazani kwake. Balozi akauliza, "Haya, nani anamfahamu ndugu huyu?"

Mtu akakohoa. Mwingine akasema, "Mie namwonaga tu akipita." Nikasema moyoni, basi, lori ndiyo limekwisha hivyo.

Ndipo akainuka mama mmoja mtu mzima, yule anayeosha maiti za wanawake mtaani kwetu. Nikamwamkia kwa woga, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, kisha akawageukia wenzake. "Mie namfahamu. Chai yake haitaki sukari nyingi. Akilala anaongea. Na anamwogopa paka, dume zima hili!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mkewe alikuwa akija kwangu kila alasiri, na habari ni huyu huyu, mpaka namwambia, mwanangu, hebu nipumzishe. Siku ile ya mwisho nilikuwa naye. Kila gari likinguruma barabarani, ananishika mkono: nyamaza, mama, niache nisikilize, ndiye huyo. Andika, balozi. Tunamfahamu."

Nililia mbele ya wanaume wenzangu, wala sikuona haya. Balozi akaandika.

Leseni ilitoka wiki ileile. Niliitia mfukoni mwa shati, nikaendesha lori langu kutoka mjini hadi Temeke huku nikipiga honi bila sababu, wapita njia wakidhani naleta bibi harusi. Nikaegesha, nikaichomoa leseni, nikaruka chini, nikaufikia mlango wa nyumba yangu, mlango niliouacha nimeutia kufuli asubuhi.

"Hodi!" nikaita, kwa furaha kabisa.

Nikasimama pale na leseni mkononi, nangoja niambiwe karibu.