Kibodi ya Jirani

Jirani yangu wa mlango wa pili alipoteza sauti baada ya kupasuliwa koo. Tangu hapo huongea kwa kuandika: vidole viwili hugonga kibodi, tableti ikasoma kwa sauti, na nukta huipiga kwa nguvu kama karani anayegonga muhuri. Asubuhi ya mkutano wa wapangaji, kibodi iligoma. "Baba, si uandike kwenye kioo cha tableti tu?" binti yake akamwambia. Akatikisa kichwa, maana vidole vyake hutetemeka na kwenye kioo herufi humponyoka. Akaichomoa kibodi, akapangusa pini zake kwa kitambaa cha miwani, akaipachika. Wapi! Akazima tableti, akaiwasha, akapachika tena. Kimya. "Mzee, tutachelewa," nikasema. Akaniinulia kidole, nisubiri. Mara ya tano aliielekeza dirishani, akaona uzi umenasa kwenye pini, akautoa kwa sindano taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Herufi zikaitika.

Tulimkuta mwenyekiti akihitimisha: mlango wa nyuma, ambao wazee huutumia kukwepa ngazi, utafungwa, kwa kuwa hakuna anayepinga. Jirani yangu akaketi, akaandika bila haraka, watu wote wakimtazama. Tableti ikasema: "Yupo."