Mikokoteni Ambayo Bibi Hakuisikia

Asubuhi za baridi na ukungu, malori ya barabara kuu huunguruma kana kwamba yanapita uani kwangu, hapa mlimani juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai. Jua likishika, mngurumo hufifia, ingawa malori hayapungui. Ukififia, mimi humkumbuka bibi yangu.

Enzi za Mjerumani, bibi akiwa msichana, baba yake alimweka ukingoni mwa migomba asikilize mikokoteni ya maksai ya askari waliokamata watu wa kuchimba barabara. Asubuhi za baridi aliisikia ikiwa mbali, na wanaume wakawahi kujificha msituni. Mchana mmoja wa jua kali hakusikia kitu.

“Baba, hakuna mtu,” alisema.

Askari wakamkamata baba yake shambani, na hakurudi tena.

Nilipomaliza chuo kikuu nilimweleza bibi kwamba ardhi ikipata joto, sauti hupinda na kuelekea juu, isimfikie aliye mbali. Masikio yake hayakuwa na kosa.

“Sawa, mjukuu wangu. Na baba, aliyeondoka akidhani nilisinzia, nani atamweleza?”